Siku moja na bwawa la shamba wakati wa masika

Saa 11:30 alfajiri

Mvua ilikatika usiku wa manane. Navaa gambuti, nachukua tochi, fimbo, daftari na chupa mbili tupu za maji ya kunywa. Mimi ni msimamizi wa bwawa kwenye shamba moja la kahawa na mboga huku Arumeru, chini ya Mlima Meru. Ni bwawa la mtu binafsi, tuta la udongo lenye kimo cha mita 6 pale palipoinuka zaidi, na likijaa linabeba maji kama mita za ujazo 40,000. Wageni hulitazama wakaona ni dimbwi la kumwagilia tu. Lakini mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Hizo ni tani 40,000 zimeegemea udongo, na chini yake lipo korongo lenye nyumba za watu wasiochota humo hata ndoo moja.

Naanzia nyuma ya tuta, kule chini kabisa. Hapo kuna bomba dogo linalokusanya maji yanayochuja kupitia kwenye udongo. Kila bwawa la udongo huchuja, na hilo peke yake halinitishi. Ninachotaka kujua kila asubuhi ni mambo mawili: yanatoka kiasi gani, na yana rangi gani.

Natega ndoo ya lita 20, nabonyeza saa ya simu. Jana ilijaa kwa sekunde 48. Leo 41. Usiku bwawa limepanda, kwa hiyo kuongezeka kidogo nilikutarajia. Kisha najaza chupa kwenye mfereji unaopokea maji ya bomba hilo, naiinua mbele ya ukurasa mweupe wa daftari na kuimulika. Maji yana rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji.

Hapo moyo unapiga kwa nguvu. Maji safi yanayochuja yanapita tu. Maji yenye tope yanaondoka na tuta. Chembe moja ya udongo ikibebwa, inaacha nafasi, nafasi inavuta maji zaidi, na tundu linajichimba kutoka nyuma kuelekea kwenye maji, ndani kwa ndani, huku juu nyasi zikiwa kijani kibichi. Tarehe 5 Juni 1976, kwenye bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, maji ya tope yalionekana ukutani asubuhi, na kabla ya saa sita mchana ukuta ulikuwa umekwenda. Watu 11 walikufa. Lile lilikuwa bwawa kubwa la serikali, lina mainjinia na matingatinga, na bado asubuhi moja ilitosha.

Naiweka chupa juu ya jiwe itulie. Chupa ya pili naijaza kwenye mdomo wa bomba lenyewe, kabla maji hayajagusa mfereji. Hii ni safi kabisa. Naufuata mfereji kwa tochi na kukuta ukingo wake umebomoka, na nyayo za ng'ombe zimejaa hapo. Kumbe tope linaingia nje ya tuta. Hata hivyo naandika kwamba bomba litapimwa kila saa hadi jioni. Kwenye ile chupa ya kwanza kitako kimeshafunikwa na vumbi la kahawia, utando mwembamba kama ukucha. Naiandika tarehe na kuihifadhi.

Saa 1:30 asubuhi

Kumekucha vizuri. Napanda juu ya tuta na kulitembea lote, kisha narudi kwa mteremko wa nyuma. Natafuta nyufa, mahali palipodidimia, mahali penye unyevu ambapo jana palikuwa pakavu, na nyasi zilizonenepa kupita wenzake. Ukoka ndio tunaoutaka, maana unafunika udongo na mizizi yake haiendi mbali. Mti hatuutaki hata ukiwa mzuri. Mzizi ukifa huoza, na ulipokuwa panabaki njia ya maji. Nang'oa miche miwili ya mkaratusi.

Katikati ya mteremko nakuta kifusi kipya cha fuko. Nasukuma fimbo, inazama hadi kwenye kiganja. Kijana ninayefanya naye kazi anachimbua kwa sururu hadi mwisho wa shimo, tunalirudishia udongo wa mfinyanzi kidogo kidogo, kila tabaka tukilishindilia. Kutupia udongo juu na kuukanyaga kwa buti ni kuficha shimo tu.

Saa 3 asubuhi

Kipima mvua: milimita 62. Maji yamebakiza sentimita 10 kufika kwenye utoro, njia ya kutolea maji yaliyozidi. Ujumbe unaenda kwa Mzee, mwenye shamba, na kwa mtaalamu wa mabwawa anayetukagua.

Saa 4:15

Mzee amefika mwenyewe. "Shikamoo Mzee." "Marahaba. Nasikia limejaa!" Ana furaha, na namwelewa. Mwaka juzi kiangazi kilitukausha, tukapoteza nyanya zote. Sasa ana mawazo mawili. Tupange viroba vya mchanga kwenye utoro ili bwawa libebe nusu mita zaidi. Pia tuweke wavu wa chuma hapo hapo, kwa sababu perege aliowapandikiza wanatoroka na maji ya ziada.

Haya ndiyo maombi magumu kuliko yote katika kazi hii, kwa kuwa yanaletwa na mtu mwema mwenye shida ya kweli. Tunaenda kusimama kwenye utoro. Namwonyesha kwamba njia hii pana iliyochimbwa pembeni ndiyo mlango pekee wa maji yaliyozidi. Ukiuziba, mvua kubwa itapita juu ya tuta, na udongo ukipitiwa na maji juu yake unakatika vipande hadi chini. Ile mita moja iliyo wazi kati ya utoro na kilele cha tuta Mzee anaiona kama nafasi ya bure. Kwangu ndiyo nafasi ya usiku ule ambao mvua itakuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona.

Kuhusu wavu, namsimulia mafuriko ya Johnstown, Pennsylvania, Marekani. Bwawa la udongo la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliolitumia kwa uvuvi na mapumziko. Waliweka vyuma kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikaleta magogo na takataka, vyuma vikanasa kila kitu, maji yakapanda hadi juu ya tuta, likavunjika. Walikufa watu zaidi ya 2,200.

Mzee ananyamaza muda mrefu, anayatazama maji. "Kwa hiyo samaki waende?" "Waende, Mzee." Anasema atafikiri.

Saa 7 mchana

Ugali, mboga, chai. Bomba limepimwa: sekunde 41, maji safi.

Saa 8:30

Nateremka korongoni. Sehemu hii ya kazi haimo kwenye mkataba wangu, lakini siiachi. Nikiwa kule juu najua hali ya tuta. Wao huku chini wanaishi kwa kuamini tu.

Mama mmoja anapalilia bustani yake kando ya mto. Tunasalimiana, namweleza kwamba jioni tutafungua bomba kubwa la kupunguzia maji bwawani na mto utapanda kidogo, aitoe pampu yake. Kisha ananiuliza swali alilowahi kuniuliza: "Mwanangu, likitokea usiku na simu yangu imezima?" Hana haja ya kuambiwa kuhusu Solai. Kule Nakuru, Kenya, tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi, watu wakiwa majumbani mwao, wakafa zaidi ya 40. Kwa ajili ya swali lake tumetundika ringi ya lori kwenye mti karibu na tuta, na nyingine kwa balozi wa nyumba kumi. Ikigongwa mfululizo, kila mtu apande upande wa barabara, asifuate mto wala asirudi kuchukua kitu. Leo nahakikisha watoto wake wanaijua njia.

Naona pia msingi mpya wa nyumba, umechimbwa mita chache kutoka mtoni. Tuta letu ni lile lile la mwaka jana, ila hatari yake imeongezeka leo. Nachukua namba ya fundi ili nimpate mwenye kiwanja. Habari hii lazima ifike kwa serikali ya kijiji na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwani hesabu ya nani yuko chini ya bwawa haiwezi kubaki kwenye daftari langu peke yangu.

Saa 11 jioni

Tunafungua vali ya bomba kubwa, robo tu. Tunayashusha maji polepole kwa makusudi. Udongo wa upande wa ndani umelowa na ni mzito. Maji yanayouegemea yakiondoka ghafla, unaporomoka kuelekea bwawani. Vali inazunguka bila kukwama kwa sababu tunaizungusha kila mwezi, hata kiangazi. Vali iliyokaa miaka bila kuguswa utaigundua imeganda siku ile unayoihitaji.

Saa 2:30 usiku

Mvua imeanza tena. Bomba: sekunde 43, maji safi. Mzee amepiga simu. Wavu amekubali usiwekwe. Kuhusu viroba, anataka amsikie mtaalamu kwanza, naye ameahidi kuja Alhamisi. Hadi hapo utoro uko wazi, na nimemwambia mlinzi wa usiku asimruhusu mtu yeyote kuweka kitu pale, awe ametumwa na nani. Ataniamsha saa 6 tupime ndoo pamoja, kisha saa 9 tena.