Laos haikuwa hata na soko la hisa, na bado 1997 iliwapiga

Watu wakiongelea mgogoro wa fedha wa Asia wa 1997 utasikia Thailand, Indonesia, Korea Kusini, basi. Laos haitajwi na hilo linaniuma sana, maana Walao waliendelea kuumia wakati majirani washaanza kupumua.

Wakati ule ilikuwa nchi ya watu kama milioni 5, wengi wakulima wa mpunga, soko la hisa hakuna, kwa hiyo ungedhani yatawapita tu. Lakini bidhaa nyingi madukani zilitoka Thailand, wawekezaji wakubwa Wathailand, umeme wa mabwawa mteja wao huyohuyo, na sokoni Vientiane, mji mkuu, watu walilipana kwa kip (hela ya Laos), baht (hela ya Thailand) na dola, yote sawa. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand ikaacha kuishikilia thamani ya baht, ikaporomoka kutoka baht 25 kwa dola moja mpaka zaidi ya 50 Januari 1998, na kip ikaenda nayo. Hata bwawa la Nam Theun 2, lililotegemea Thailand inunue umeme, likakwama, ujenzi umekuja kuanza 2005.

Sasa hapa ndo pa kuangalia vizuri. Baht ilipata nafuu 1998 hiyohiyo, kip haikupata. Katikati ya 1997 dola moja ilikuwa kama kip 1,000, mwisho wa 1999 imeshapita 7,000, na tofauti hiyo huwezi kuwabebesha Wathailand. Serikali ilitaka nchi ijitosheleze kwa mchele, ikanunua pampu za umwagiliaji kwa wingi na hela ikatoka benki kuu, yaani noti zilichapishwa tu. Lengo zuri, mi silipingi kabisa, na mpunga wa kiangazi uliongezeka kweli, ila 1999 bei zilikuwa zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia.

Mkulima mwenye mpunga ghalani angalau alikula. Mwalimu, nesi, karani, hao analipwa kip halafu bei ya sabuni inafuata baht, afanyeje? Akishika mshahara anakimbilia kubadilisha, na kila anayebadilisha anazidi kuishusha kip.

Agosti 1999 waziri wa fedha na gavana wa benki kuu wakaondolewa, matumizi yakabanwa, na mwaka 2000 kasi ya bei ikapungua sana. Kwa hiyo dawa ilikuwepo. Kwangu mimi walichelewa mno, na waliolipia huko kuchelewa ni wale wa mshahara wa mwisho wa mwezi.