Impreza ya gia mbovu, nichukue?
Kuna jamaa anauza Subaru Impreza WRX ya 2002, bei imeshuka mpaka unajiuliza kuna nini, kumbe gia. Ukiingiza ya tatu inakwaruza, ukiachia eksileta inachomoka yenyewe inarudi nyutro. Yeye ati "oili tu hiyo bro", mi wapi, giaboksi za spidi tano za zile za zamani zinajulikana, ukizikanyaga kibabe meno yanakatika. Fundi wangu anasema ingekuwa klachi basi gia zote zingesumbua hasa namba moja na rivasi, ikisumbua gia moja tu kama hii, shida ni ya ndani ya giaboksi, lazima boksi lishushwe. Boksi used Ilala unaweza kupata ila nalo hujui limeteswa vipi. Nimemwambia apunguze hela ya boksi na ya fundi, akikataa abaki nayo.