Daftari la Mtaroni

Mwaka 2015 tulikuwa tumepanga Tandale, kule bondeni karibu na Mto Ng'ombe. Tulipakana na mama mmoja ambaye nitamwita Mama J, maana bado yupo palepale. Mbele ya milango yetu ulipita mtaro wa maji ya mvua, na ugomvi wote ulitoka humo.

Kijana wa guta alikuwa akipita Jumamosi kuzoa taka, buku mbili kwa mwezi kila kaya. Mama J hakulipa hata siku moja. "Mimi sina taka," ndiyo jibu lake. Mtu ana watoto wanne, anauza chai na maandazi kuanzia alfajiri, halafu hana taka! Tulijua ziendako. Wingu likitanda tu, usiku unasikia pwaa! Rambo nyeusi zilizopigwa fundo, moja baada ya nyingine. Mvua ikiwa kubwa, inazisomba hadi mtoni. Ikiwa ya rasharasha, asubuhi unakuta mzigo umetua kwetu.

Mama alimwendea kwa ustaarabu kabisa. Akajibiwa: "Jirani, mtaro ni wa serikali. Umekukera, kaishitaki serikali." Tukaenda kwa mjumbe, naye akasema atalifanyia kazi. Atalifanyia kazi wapi, na maandazi anakula kwa mkopo hapohapo?

Na wakati wenyewe haukuwa wa mchezo. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Kinondoni tangu Agosti, na nyumbani mkaa wote uliishia kuchemshia maji. Ndipo Magufuli, hata mwezi hajaumaliza Ikulu, akafuta sherehe za Uhuru na kutaka tarehe 9 Desemba nchi nzima ifanye usafi. Yeye mwenyewe siku hiyo aliokota taka kwa mikono kule Feri.

Kwetu alikuja mtendaji wa mtaa na daftari lake la mahudhurio. Wa kwanza kutoka alikuwa nani? Mama J, kanga kajifunga kibwebwe, ufagio mkononi, akiwahimiza wenzake kama yeye ndiye kaitangaza siku. "Watu wa bonde hili wachafu jamani! Ndiyo maana tunakufa!"

Mimi nilikuwa ndani ya mtaro na koleo. Nikavuta rambo moja iliyonasa chini ya kidaraja, ikapasuka. Zikamwagika pempasi zilizovimba, majani ya chai yaliyokwisha chemshwa, mengi kama ya hoteli, na katikati yake daftari la hesabu. Kurasa zilikuwa zimeshikana, lakini jalada lilisomeka vizuri: jina la mtoto, darasa la tatu B, na shule. Mtendaji akaliokota kwa ncha za vidole, akasoma kwa sauti.

"Hilo daftari liliibwa," Mama J akadakia.

"Na majani ya chai nayo yaliibwa?" akauliza mtu huko nyuma. Watu wakaangua kicheko, mpaka mjumbe akacheka, kisha akakumbuka deni lake akanyamaza.

Jumamosi iliyofuata alilipa. Alimhesabia kijana wa guta sarafu tupu, taratibu, huku akitutazama sisi. Salamu zikakatika. Nikiri kwamba mtaro ulikaa safi, na hilo kwangu lilitosha. Salamu zake hata hivyo hazikuwa tamu.

Masika yalipoingia, mtaro ukaziba tena. Safari hii taka zilitoka juu, mitaa ambayo hatumjui mtu: chupa za maji, vigogo vya mgomba, hadi godoro zima likaja kukwama palepale kidarajani. Maji yakaingia kwake, yakaingia na kwetu. Usiku wa manane tunachota kwa ndoo, yeye mlangoni kwake na sisi kwetu, mara sauti yake ikapaa:

"Jirani! Na godoro hili nalo langu? Njooni basi msome jina!"

Mama alikuwa amesimama juu ya stuli, kakumbatia kiroba cha unga.

"Tulia jirani," akamjibu, "maji yakipungua tutasoma."