Dirisha la gereji

"Baba, hili dirisha mbona linatazama ndani?" Mwanangu aliniuliza hivyo jana, tukingoja Probox ishushwe jeki. Nikacheka peke yangu. Dirisha lile lina kesi.

Sebule ya wateja ilikuwa fikra ya Ami. Alichoka kuona watu wazima wamekalia magurudumu chakavu, na kina mama wamesimama juani na mabuibui yao kando ya pipa la oili chafu. Ukuta ukapanda kwenye kona, mawe ya matumbawe, ndani baraza ya saruji. Paa alilitaka la makuti. Fundi wa kuchomelea akamwambia, "Mzee, cheche moja tu, tumekwisha." Kwa Malindi hii, ambako hoteli za makuti zimeteketea tukitazama, Ami hakuwa na la kujibu. Tukaezeka mabati, joto likawa la mteja. Kisha likatiwa dirisha la kioo, mtu anywe kahawa yake huku akiliona gari lake.

Akaja mama mmoja wa Shella na Corolla yake, breki zinalia. Akaketi, kikombe mkononi, kashata kwenye kisahani. Mie nilikuwa pale nikiandika risiti. Fundi alizichomoa pedi, zimelika karibu kufika chuma, akazitupa chini. Akaja na boksi jipya, akalifungua, akaliweka juu ya boneti lionekane vizuri. Halafu akachutama, akaziokota zile zile na kuanza kuzipiga msasa, taratibu, mgongo katupa upande wetu.

Mama akakiweka kikombe chini. Akagonga kioo kwa pete yake. Fundi akageuka, msasa bado mkononi.

"Mwanangu, hizo si ndizo nilizokuja nazo?"

Kioo kilikuwa kinene, sidhani alisikia hata neno. Lakini kile kidole kilichoelekezwa kwenye pedi alikielewa.

Ami alizifunga pedi mpya kwa mikono yake, bure. Baada ya hapo mafundi wakanung'unika kwamba kazi haifanyiki mtu akikodolewa macho. Pazia la leso likatundikwa. Ami akalivua, likarudi. Cha ajabu, hata wateja walilifunga wenyewe wapate kusinzia. Basi sijui tulimjengea nani dirisha.

Fundi yule sasa ana gereji yake. Haina sebule, haina baraza, na magari yamejaa mpaka barabarani. Juzi nimepita, nikaiona na ile Corolla.