Hema letu la paipu za umeme

Julai 2016 mimi na washkaji wawili tulipanga kwenda kupiga kambi Lushoto, tukazunguka kuulizia bei za mahema tukaishia kucheka, maana hela yote ya safari ingeishia hapohapo. Nikajitutumua nikasema tulieni natengeneza mimi.

Nikanunua paipu 3 za umeme, zile nyeupe za kupitishia waya, milimita 20, kila moja mita 3, na turubai la buluu futi 12 kwa 12. Hesabu yangu ilikuwa unagongea kipande cha nondo chini, unakivalisha paipu, unaikunja mpaka kwenye nondo ya upande wa pili, ukipata matao matatu unatupia turubai juu, tayari mna nyumba. Ila paipu ya mita 3 unaingiaje nayo kwenye basi? Nikazikata katikati ili nikifika niunge kwa soketi, vile vipande vifupi vya kuunganishia paipu. Kujaribu uani, pale juu kwenye kiungo paap, imevunjika. Jirani fundi umeme alikuwa amekalia ndoo ananicheki tu muda wote, ndo anafungua mdomo, "Dogo, hapo kati ndo panabeba mkunjo wote, kata vipande vitatu, viungo vikae pembeni." Sasa si ungesema mapema kaka! Nikaenda kununua paipu zingine.

Kwenye gari ya kutoka Mombo kupanda mlima konda akatuuliza tunaenda kufunga umeme kwa nani.

Tulifunga hema karibu na Irente jioni, mikono imekufa ganzi kwa baridi, Julai kule sio mchezo. Likasimama vizuri kabisa, kimo kama mita moja, yani ukikaa kichwa kinagusa. Hofu yetu ilikuwa mvua na upepo tu, kwahiyo tukaziba kila tundu, pembeni mawe, mbele na nyuma turubai tumelikunja tukalikandamiza na mabegi, hata mbu asingepita. Tukalala watatu tumebanana kama dagaa.

Saa tisa usiku nikasikia tone la baridi shingoni, halafu lingine. Mshkaji akaruka, "Mvua hiyo, turubai linavuja!" akaanza kumlaani aliyetuuzia. Nikatoka nje na tochi, nyota zimejaa mbingu nzima, nyasi zina umande tu. Nikarudi ndani nikapitisha kiganja kwenye turubai, limelowa lote kwa ndani. Maji yalikuwa ni pumzi zetu wenyewe, mvuke umekosa pa kutokea ukagonga plastiki ya baridi ukarudi kwetu kama matone.

Asubuhi akapita mzee mmoja na mzigo wa kuni, tukamwamkia, akaitikia huku anaangalia mablanketi yetu tumeyaanika juu ya miti. Tukamwelezea. "Wanangu, mmejifunika na mfuniko kama ugali," akacheka akaenda zake.

Usiku wa pili tukaacha wazi kama shubiri moja juu ya mlango na nyuma vilevile, na nikatandaza kitenge cha dada chini ya turubai, nimekifunga kwenye matao kidake matone. Baridi ilitupiga haswa lakini tuliamka wakavu. Kitenge ndo kililowa chapachapa, na mimi kwa akili zangu wakati wa kurudi nikafungia nondo humohumo, kikafika nyumbani kina madoa ya kutu kila kona. Dada bado ananidai.