Kumbukumbu ya mradi: washika vibendera chipukizi Kigoma, hatua ya kuotea

Kikundi cha waamuzi chipukizi hapa Kigoma Mjini kimemaliza kupitia Sheria zote 17 za mpira wa miguu, na sasa kiko kwenye kibendera, yaani kazi ya mwamuzi msaidizi wa pembeni. Sheria ya 11, ile ya kuotea, yenyewe inafundishika kwa jioni moja. Mshambuliaji yuko kwenye nafasi ya kuotea pale kichwa, kiwiliwili au mguu wake ukiwa kwenye nusu ya uwanja ya wapinzani, tena karibu na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi. Akilingana naye, hajaotea. Golikiki, kona na mpira wa kurusha havina kuotea. Vijana wote wanaijibu bila kusita, lakini uwanjani bado wanakosea, na makosa mengi yanaanzia miguuni.

Zoezi la kamba

Hili ndilo lililotupa faida kubwa kuliko yote. Vuta kamba ya mkonge kutoka mstari wa pembeni kuingia uwanjani, iwe sambamba na mstari wa goli. Beki asimame kwenye kamba, mita 15 kutoka mstari wa pembeni. Mshambuliaji asimame kwenye kamba hiyohiyo, mita 40. Wamelingana, hakuna ubishi. Wakishajipanga ondoa kamba, kwa sababu ikibaki chini jicho litasoma kamba badala ya watu.

Sasa mshika kibendera, aliyesimama kwenye mstari wa pembeni usawa wa beki, asogee mita 1 kuelekea goli. Akiwa pale, mshambuliaji anaonekana amemtangulia beki kwa mita 1 na sentimita 67: gawa 40 kwa 15, toa 1. Kibendera kitapanda, na kitakuwa kimemwonea mtu. Akirudi mita 1 nyuma ya usawa wa beki, kosa linageuka: mshambuliaji anaonekana amebaki nyuma kwa kiasi kilekile, na aliyeotea kweli anaachwa aende zake. Wabadilishane nafasi, mshambuliaji awe mita 15 na beki mita 40, mshika kibendera akae tena mita 1 mbele: safari hii mshambuliaji anaonekana yuko nyuma kwa sentimita 62 hivi. Yaani hatua moja tu ya mwamuzi inaweza kuzaa kosa linaloizidi hatua yenyewe. Kila kijana asimame sehemu zote tatu aone kwa macho yake. Maelezo ya ubaoni hayatoshi.

Miguu, macho, mkono

Mabeki wakipanda na kushuka taratibu, nenda kwa hatua za ubavu, kifua kikiwa kimeelekea uwanjani. Mpira mrefu ukipigwa, geuka ukimbie kwa kasi. Kinachoharibu hapa ni kung'ang'ania hatua za ubavu wakati beki ameshaanza kukimbia. Kufikia pasi ya mwisho umeachwa mita 2 au 3, na hesabu ya kamba inakudai.

Macho yabaki kwenye usawa wa beki, na mlio wa mguu ukigonga mpira ndio ukuambie pasi imetoka. Kwenye mechi za ndondo ngoma na vuvuzela hufunika mlio huo, kwa hiyo itabidi kutupa jicho haraka kwa mpigaji na kurudi. Ishike picha ya ule wakati mpira unapigwa, kisha subiri. Kuwa kwenye nafasi ya kuotea si kosa mpaka mchezaji ahusike na mchezo, na kibendera kinachopanda mapema kinaua shambulizi halali la mwenzake aliyetokea nyuma.

Kibendera cha kuotea kinashikwa mkono wa kulia, kitambaa kikiwa kimekunjuliwa. Kwanza kinasimama wima. Filimbi ikilia, kinaonyesha mahali: kimeinuliwa kidogo kwa upande wa mbali, kimenyooka kwa katikati, kimeshushwa kidogo kwa upande wa karibu.

Jua la saa 11

Mechi zetu zinaanza saa 10 jioni, na jua la Kigoma linazama upande wa ziwa kwenye saa 1 hivi. Uwanja ukiwa umelala kaskazini hadi kusini, mshika kibendera wa upande wa mashariki anapigwa na jua usoni kipindi chote cha pili. Tunampanga huko mwenye uzoefu zaidi. Vijana wengine wanajaribu kutumia kivuli cha beki kama mstari, wasifanye hivyo. Mwezi Juni jua linaelemea kaskazini, kivuli kinalala mshazari, na anayekifuata anapotea.

Tunaloendelea nalo

Kipimo cha wepesi ambacho FIFA huwapa wasaidizi kinafaa sana kama mazoezi: mbio mita 10 mbele, mita 8 ubavu wa kushoto, mita 8 ubavu wa kulia, kisha mita 10 mbele. Wanaume wa kimataifa hutakiwa kumaliza ndani ya sekunde 10. Vinatosha koni chache na saa ya simu. Miguu isipishane kwenye hatua za ubavu. Ikipishana, kijana anaanguka au anageuza kifua.

Mashujaa FC wakicheza nyumbani, Uwanja wa Lake Tanganyika, vijana wakae usawa wa boksi la kumi na nane na kwa dakika 20 wasitazame mpira kabisa, watazame miguu ya mshika kibendera tu. Zoezi linalofuata ni lilelile la kamba, ila mabeki wanne na washambuliaji wawili wakiwa mbioni, na simu moja ikirekodi kutoka usawa wa beki wa mwisho.