Sanduku la njumu katika mkahawa wetu

Mkahawa wa familia yetu ulioko Malindi, Mji Mkongwe, umefunguliwa tena baada ya matengenezo ya miezi minane, na kila anayeingia hulitazama kwanza sanduku la msaji lenye njumu, yaani misumari ya shaba ya mapambo, lililowekwa karibu na meza ya kahawa. Nafurahi kuona hivyo, kwa sababu hakuna chombo kilichotutaabisha kama hicho.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye boriti za mikoko na baraza ambapo marehemu babu aliwauzia kahawa mabaharia waliosubiri upepo wa kusi wapate kurejea kwao. Masanduku haya nayo yalikuja kwa majahazi, wakati wa kaskazi, mengi yakiwa kazi ya mafundi wa Surat na Malabar, na hapa Unguja yakawa miongoni mwa vyombo vya bibi harusi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo tumezungumza sana juu ya kuta na milango. Vyombo vya ndani, naona, tumeviachia wafanyabiashara.

Letu lilikuwa limepakwa vanishi nzito na fundi tuliyemwamini zamani, hata njumu zake za shaba zikawa kama vipele vyeusi. Safari hii tulimpata mzee mmoja wa mitaa ya Ng'ambo, seremala tangu ujana wake. Nilipomletea mashine ya msasa aliisogeza kando.

"Mwanangu, hiyo itakula njumu zote. Tulikwangue kwa mkono."

Akalikwangua kwa kipande cha kioo kwa wiki mbili, nami nikazisugua njumu moja moja kwa ndimu na majivu yaliyochekechwa, mpaka maua yaliyochorwa kwa misumari hiyo yakaonekana tena.

Viti vya henzirani vilisukwa upya. Viwili havikufaa tena.

Juu ya kifuniko cha sanduku ilijitokeza alama ya duara, nyeusi, iliyounguzwa na dele, birika la kahawa la babu. Mzee aliniuliza kama aikwangue nayo, kwani ilikuwa haijazama sana. Nilimwomba aiache. Aliipitishia kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaanza kupaka polishi kuizunguka.